Koili ya Silinda ya Tatu

Gari langu lilianza kumisi, yaani silinda kuruka zamu yake ya kuchoma, jioni moja ya mwezi wa nne, masika yakiwa yamekolea, nilipokuwa nikirudi Arusha kutoka Moshi. Mpaka Boma Ng'ombe halikuwa na neno. Nilipopita njia panda ya uwanja wa ndege wa KIA, pale barabara inapoanza kupanda taratibu kuelekea Usa River, nilikanyaga mafuta ili nilipite lori la saruji, nalo gari likatikisika kama mtu mwenye kwikwi, nguvu ikakatika, na taa ya injini kwenye dashibodi ikaanza kumweka, yaani kuwaka na kuzimika. Nilipoinua mguu ikaacha kumweka na kubaki imewaka kimya. Nilijaribu tena mbele kidogo na mambo yakawa yale yale, hivyo nikakubali kutembea mwendo wa kilomita 50 kwa saa nyuma ya lile lori mpaka Tengeru.

Tofauti kati ya taa kuwaka na taa kumweka ni jambo ambalo madereva wengi hawaelezwi. Taa ikiwaka bila kumweka, kompyuta ya injini inasema kuna hitilafu iliyoandikwa, na mara nyingi mtu anaweza kufika nyumbani. Ikimweka, inasema kwamba petroli isiyoungua inatoka kwenye silinda na kwenda kwenye ekzosi, ambako itaungulia ndani ya masega, kile kifaa cha kusafisha moshi, na kuyapasha moto mpaka yayeyuke. Masega ni ghali kuliko chochote nitakachokitaja katika makala hii, kwa hiyo dawa ya kwanza ya gari ambalo taa yake inamweka ni kuinua mguu.

Gari lenyewe ni Toyota Axio la mwaka 2007, injini ya 1NZ-FE yenye silinda nne na ujazo wa sentimita za ujazo 1,497, injini ambayo hapa Arusha imejaa kila kona. Kesho yake nililipeleka kwenye gereji moja. Fundi alichomeka mashine, akasoma namba mbili, P0303 na P0171, na kabla hajaizima mashine yake akawa ameshaniandikia orodha: koili nne (za kuzalisha umeme wa cheche), plagi nne, na sensa ya hewa (inayopima hewa inayoingia kwenye injini). Jumla ilipita laki saba, bila ufundi. Nilipomuuliza kwa nini koili nne ilhali silinda inayolalamikiwa ni moja, alinijibu kwa heshima zote, "Mwalimu, kompyuta imeshasema."

Mimi nafundisha fizikia katika shule ya sekondari, na sentensi hiyo ilinikera kwa namna ambayo bei haikunikera. Kompyuta haikuwa imesema koili, wala haikuwa imesema sensa. P0303 maana yake ni kwamba silinda ya tatu haichomi inavyotakiwa, na kompyuta inalijua hilo kwa njia moja tu: sensa ya krenki inapima jinsi krenki, ule mhimili unaozungushwa na silinda, inavyozunguka, na zamu ya silinda ya tatu inapofika, mzunguko unalegea kidogo badala ya kusukumwa. Inaweza kuwa koili, plagi, nozeli ya petroli iliyoziba, valvu isiyofunga, au waya uliotafunwa na panya. P0171 nayo maana yake ni kwamba kompyuta imejikuta ikiongeza petroli mpaka imepita kikomo ilichowekewa, kwa sababu sensa ya oksijeni kwenye ekzosi inaendelea kuiambia kuna hewa imebaki. Sensa ya hewa ni mshukiwa mmoja kati ya wengi. Nilimlipa fundi gharama ya kupima, nikamshukuru, nikaondoka na namba zangu mbili.

Njiani kuelekea nyumbani Sakina ndipo nilipotambua kwamba namba hizo huenda zinahusiana. Silinda isipochoma, ile hewa iliyovutwa ndani inatolewa nje ikiwa na oksijeni yake yote. Sensa ya oksijeni haina namna ya kujua kwamba hewa hiyo imetoka kwenye silinda iliyolala. Inachoona ni oksijeni nyingi, na taarifa inayoipeleka kwa kompyuta ni kwamba petroli ni kidogo. Kompyuta inaongeza petroli kwenye silinda zote nne, zikiwemo tatu ambazo hazina shida. Kwa hiyo gari linalomisi linaweza kuandika lenyewe kosa la mchanganyiko wa hewa na petroli, na mtu asiyelijua hilo ataishtaki sensa ya hewa kwa kesi ya koili. Anayetaka kupima nyumbani hana budi kufuata utaratibu: kumisi kutibiwe kwanza, kisha ndipo masuala ya hewa yahukumiwe. Ukianza na hewa utakuwa unasoma tarakimu za uongo.

Jumamosi nilimwita mtoto wa kaka yangu, ambaye anasoma ufundi umeme chuoni, aje anishikie tochi. Vifaa vyetu vilikuwa vichache: spana ya namba 10, soketi ndefu ya namba 16 ya plagi, bisibisi ya nyota, na kile kifaa kidogo kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani na kuzungumza na simu kwa blututhi. Magari ya zamani zaidi yaliyotengenezwa kwa soko la ndani la Japani si yote yanayoelewana na vifaa hivi vya bei nafuu, ila Axio letu lilielewana nacho bila ubishi.

Injini hii haina nyaya ndefu za plagi kama magari ya enzi za baba zetu. Kila silinda ina koili yake, imekaa juu ya plagi, imefungwa kwa bolti moja ya namba 10, na ina soketi ndogo ya nyaya nne. Kazi ya koili ni kuchukua umeme wa betri, volti 12 au 14 injini ikiwaka, na kuukuza mpaka makumi ya maelfu ya volti. Ndani yake mna nyaya mbili zilizosokotwa kwenye kiini cha chuma, moja yenye mizunguko michache na nyingine yenye mizunguko mingi mno. Umeme unapopita katika ule wa kwanza unajenga usumaku, na kompyuta inapoukata ghafla, usumaku unaporomoka na volti kubwa inazaliwa katika ule wa pili. Volti hiyo inaruka mwanya wa plagi, ambao kwenye injini hii ni milimita 1.1. Sasa, cheche huruka kwa urahisi kwenye hewa nyepesi, na kadiri hewa inavyobanwa ndani ya silinda ndivyo inavyohitaji volti kubwa zaidi kuruka. Gari likiwa sailensi, kama mafundi wetu wanavyouita mzunguko wa kusubiri, silinda ina hewa kidogo na koili mbovu inaweza kuficha ubovu wake. Ukikanyaga mafuta mlimani, silinda inajaa, volti inayohitajika inapanda, na koili yenye ufa inatafuta njia fupi ya kwenda kwenye chuma badala ya kuruka kwenye plagi. Ndiyo maana gari langu lilikuwa zima kwenye tambarare na mgonjwa kwenye mwinuko.

Mpwa wangu alikuja na mita na alitaka kupima ukinzani wa koili. Nilimzuia. Koili hizi za nyaya nne zina saketi ya kielektroniki ndani yake inayowasha na kuzima umeme, kwa hiyo mita haiusomi waya wenyewe na tarakimu itakayotoka haina maana. Kipimo kilicho bora kuliko mita ni kuhamisha. Koili ya silinda ya tatu unaipeleka ya kwanza, ya kwanza unaipeleka ya tatu, unafuta namba kwenye kompyuta, kisha unalitesa gari kidogo na kusubiri malalamiko yatoke wapi. Likilalamika silinda ya kwanza, koili ndiyo mkosaji, kwa kuwa ubovu umehama nayo. Likiendelea kulalamika silinda ya tatu, iache koili, uhamishe plagi, na baada ya plagi utazame nozeli na mbano wa silinda. Haigharimu hata shilingi. Silinda ya kwanza, kwa asiyejua, iko upande wa mikanda, ambao kwenye Axio ni upande wa dereva.

Injini ilikuwa imezimwa na imepoa. Tulichomoa soketi kwa kubonyeza kikufuli chake taratibu, maana plastiki iliyokaa miaka juu ya injini ya moto huvunjika kama biskuti, kisha tukavuta kila koili juu kwa kuizungusha kidogo kushoto na kulia. Ya kwanza, ya pili na ya nne zilitoka kavu. Ya tatu ilitoka na alama ya kutu kwenye springi yake ya chini, na mpira wake ulikuwa na ukungu mweupe kama wa chumvi. Mpwa wangu aliusogeza karibu na tochi, akaniita, "Shangazi, tazama hapa." Ulikuwepo mstari mweusi, mwembamba kuliko unywele, ukishuka ndani ya mpira kutoka juu mpaka mwisho. Kwenye kauri nyeupe ya plagi ya tatu palikuwa na mstari mwenzake. Hiyo ndiyo njia ambayo umeme ulijichongea: kila unapopita unaacha kaboni kidogo, na kaboni inapitisha umeme, hivyo safari inayofuata inakuwa rahisi kuliko iliyotangulia.

Ingawa ushahidi ulikuwa mbele yetu, tulihamisha hata hivyo, kwa sababu mstari mweusi ni dalili na mimi nilitaka kipimo. Tukafuta namba, tukawasha, tukapanda barabara ya kwenda Ilboru ambayo mwinuko wake unatosha kuiumbua koili yoyote. Hatukufika hata katikati. Taa ikamweka, nikainua mguu, mpwa akasoma simu: P0301. Ugonjwa ulikuwa umehama pamoja na koili.

Chanzo nilikijua bila kuambiwa. Wiki moja kabla ya safari ya Moshi, nililiacha gari kwenye sehemu ya kuoshea na kijana akaniuliza kama aoshe na injini, nami kwa uzembe nikamwambia aoshe. Maji ya mashine ya presha yaliingia kwenye shimo la plagi ya tatu na kukaa humo, yakichemka na kurudi kuwa maji kila siku, mpaka mpira ulipochoka. Chanzo kingine cha kawaida ni oili inayovuja kutoka kwenye gasketi ya tapeti na kujaa shimoni. Uvujaji huo unaonekana wazi kwa kuwa koili hutoka imelowa oili, na kubadilisha koili bila kubadilisha gasketi ni kununua miezi michache tu.

Nilinunua koili moja. Moja, na plagi nne, kwa kuwa plagi zilikuwa zimelika zote na hilo nililiona kwa macho. Kuhusu koili ninao msimamo ambao baadhi ya mafundi watanibishia: heri koili ya mtumba iliyotolewa kwenye injini ya Japani, yenye jina la Denso na namba inayoanza na 90919 iliyopigwa vizuri mgongoni, kuliko koili mpya ya boksi zuri ambayo bei yake haifiki hata nusu ya ile halisi. Nilikubaliana na muuzaji wa Unga Limited kwamba ikimisi ndani ya siku tatu nairudisha, naye akakubali bila kinyongo, jambo lililonipa imani kuliko maandishi ya waranti.

Kumisi kukaisha siku ile ile. Watu wengi wangefunga boneti hapo na kufuta ile namba ya pili, na kwa hakika ningeweza kufanya hivyo, maana taa ilikuwa imezimika. Lakini programu ya simu huonyesha tarakimu inayosema kompyuta inaongeza au inapunguza petroli kwa asilimia ngapi kuliko hesabu yake ya awali, na ina sura mbili: marekebisho ya muda mfupi, yanayopanda na kushuka kila sekunde, na ya muda mrefu, ambayo ni kumbukumbu ya mazoea. Kabla ya koili, yale ya muda mrefu yalikuwa asilimia 22 za nyongeza. Baada ya siku mbili za kuendesha na koili nzima, yalishuka lakini hayakurudi mahali pake: sailensi yalisoma 6, kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika yalisoma 13, na kwenye mwinuko wa Ilboru yalikaribia 17. Gari zima hukaa karibu na sifuri, na tano hivi za huku au huko hazimnyimi mtu usingizi.

Mpangilio wa tarakimu hizo ndio uliozungumza. Kama mpira wa hewa baada ya sensa ungekuwa umepasuka, hewa ya wizi ingeingia kwa kiasi kile kile wakati wote, na madhara yake yangekuwa makubwa sailensi, ambapo injini inavuta kidogo, kisha yapungue ukikanyaga mafuta. Kwangu ilikuwa kinyume: kadiri hewa ilivyoongezeka ndivyo pengo lilivyokua. Hiyo ni tabia ya sensa ya hewa inayosoma pungufu, au ya pampu ya mafuta iliyochoka. Kwa kuwa sensa iko juu kwa bolti mbili za bisibisi na pampu imo ndani ya tangi, si vigumu kukisia tulianzia wapi.

Sensa ya hewa imekaa baada ya kichujio, pale kwenye mfuniko wa boksi lake. Ndani ya kijitundu chake mna waya mwembamba ambao kompyuta inaupasha moto ili ubaki na joto lililozidi lile la hewa inayoingia kwa kiwango maalumu. Hewa ikipita inaupoza. Hewa nyingi inaupoza zaidi, na umeme mwingi zaidi unahitajika kuurudishia joto. Kwa kupima umeme huo kompyuta inajua ni gramu ngapi za hewa zinaingia kila sekunde. Naomba msomaji alitazame neno gramu, kwa sababu kwa sisi wa mikoa ya milimani lina maana ya pekee. Lita moja ya hewa ya Dar es Salaam ina uzito wa takriban gramu 1.2. Arusha mjini, mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, lita hiyo hiyo ina takriban gramu 1. Gari lililotoka pwani linapofika kwetu linapumua ujazo ule ule lakini uzito pungufu, na sensa inaligundua hilo yenyewe na kupunguza petroli bila kuambiwa na mtu. Ndiyo maana siamini habari ya "kuliseti gari kwa hali ya hewa ya Arusha," inayouzwa kwa wamiliki wa magari yenye sensa hii. Kwa kabureta, sawa. Kwa hizi, limekwisha kusetiwa.

Tulipoichomoa na kuitazama kwenye jua, ule waya, ambao ulipaswa kung'aa, ulikuwa umevaa vumbi la kijivu, laini kama manyoya ya kifaranga. Vumbi la Arusha ni udongo wa volkano ya Meru, jepesi mno, linapita mahali ambapo mchanga wa pwani usingepita. Vumbi likiuvika waya, hewa inashindwa kuupoza vizuri, sensa inaripoti gramu pungufu, kompyuta inatoa petroli pungufu, na sensa ya oksijeni kule nyuma inalalamika. Nilitoa kichujio nacho nikakielekeza kwenye jua: kulikuwa na vitundu vidogo viwili kwenye mikunjo yake. Kila sevisi fundi alikuwa akikipuliza kwa kompresa badala ya kukibadilisha, na upepo wa kompresa hupasua karatasi. Nilikuwa nimelipia huduma hiyo, tena kwa furaha, nikidhani naokoa pesa ya kichujio.

Kusafisha kwenyewe hakukuchukua dakika kumi, pamoja na kusubiri. Ipo dawa ya kupuliza iliyotengenezwa mahususi kwa sensa za hewa, inayokauka bila kuacha mafuta. Tulipuliza mara kumi hivi kutoka pande zote, pasipo kugusa kitu, tukaiacha ikauke kabisa kabla ya kuirudisha. Nasisitiza kutogusa. Nimewahi kuona mtu akiisugua sensa kwa mswaki na petroli, na mwingine kwa pamba ya masikioni. Waya ule ni mwembamba kiasi kwamba pamba inaukata, na dawa ya kusafishia breki inaweza kuharibu plastiki yake. Kama dawa yenyewe haipatikani, ni afadhali kuiacha ilivyo mpaka ipatikane.

Kabla ya kusafisha, injini ikiwa ya moto na iko sailensi, simu ilisoma gramu 1.9 kwa sekunde. Baada ya kusafisha na kuweka kichujio kipya ilisoma 2.0. Tofauti hiyo inaonekana ndogo mpaka uigeuze kuwa asilimia. Tulifuta kumbukumbu, nikaendesha kwenda kazini na kurudi wiki nzima, kisha tukapanda tena Ilboru, mpwa akishika simu na kunisomea: tatu, mbili, nne, tatu. Pampu ya mafuta ikawa imejitetea bila hata kufunguliwa. Laki saba nilizoandikiwa zilikuwa zimegeuka koili moja, plagi nne, kichujio na kopo moja la dawa, na mpwa wangu alilipwa chipsi mayai kwa kazi yake ya kushika tochi.

Ile koili mbovu ninayo bado, kwenye droo ya meza ya walimu. Wanafunzi wanapofika kwenye mada ya sumakuumeme huwa naizungusha darasani, na nawaomba wautafute ule mstari mweusi. Na wiki iliyopita nilipopeleka gari kuoshwa, kijana yule yule alishafungua boneti kabla sijashuka, bomba la presha mkononi. Tulifunga boneti pamoja, yeye akicheka, mimi nikimweleza habari ya shimo la plagi, naye akasema kwamba kumbe ndiyo maana kuna mzee wa Noah aliyerudi kumgombeza.